Sista, ninywe nini isirudi?

Hotuba ya muuguzi mbele ya wagonjwa waliomaliza tiba ya saratani za kinywa na koo, pamoja na jamaa zao, mjini Tanga

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu wote, shikamooni.

Asanteni. Nimewaona wengine mmeitikia kwa kunyanyua mkono kwa sababu sauti bado haijakaa sawa. Na mzee wangu pale dirishani ameziba tundu la shingoni kwa kidole gumba ndipo marahaba ikatoka. Nimeisikia, baba. Leo hatuharakishani. Anayetaka kunywa maji anywe, anayetaka kutema ateme, hakuna wa kumtazama mwenzake vibaya humu ndani.

Daktari aliyenitangulia ameshaeleza upasuaji na mionzi, sitarudia. Mimi kazi yangu inaanza pale mnapopewa karatasi mkaambiwa tiba imekwisha. Ndugu wanapiga vigelegele, mnapanda basi, mnafika nyumbani, watu wanakuja kuwaona. Halafu usiku ule wa kwanza, taa imezimwa, mtu anajikuta anajipapasa shingo.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Sista, ninywe nini isirudi?"

Nitalijibu sasa hivi ili hata anayewahi basi aondoke nalo. Hakuna cha kunywa. Kuna vya kuacha, na kuna vya kutazama. Muda wote uliobaki nitakuwa naeleza hayo mawili.

Mama mmoja alikuja kliniki na binti yake, na binti akaumimina mfuko mezani kwangu. Unga wa mlonge. Mafuta ya habasoda. Asali iliyochanganywa na kitu cheusi ambacho hata aliyekinunua hakukijua. Na chupa mbili za vidonge vya vitamini, aliuziwa na jirani kwa maelezo kwamba "vinasafisha seli". Nikamuuliza bei ya zile chupa mbili. Zilikuwa zimezidi nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi. Na yule mama kliniki iliyopita hakuja, kwa sababu nauli ilikosekana.

Sikumgombeza. Habasoda mimi mwenyewe natia kwenye mkate, na mlonge nimekula tangu utotoni. Lakini hilo swali lenu wataalamu nao waliliuliza, tena kwa watu wengi na kwa miaka mingi. Huko Finland walichukuliwa wanaume wavuta sigara 29,133. Baadhi wakapewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi iliyomo kwenye karoti na embe, kwa matumaini kwamba itawakinga. Majibu yakatoka mwaka 1994: waliomeza vile vidonge walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Kule Quebec, Kanada, wakajaribu kwa wagonjwa wa aina yenu hasa, watu 540 waliopigwa mionzi ya kichwa na shingo, wakiwapa vitamini E, na mwanzoni beta-karotini pia. Mwaka 2005 ikatangazwa kwamba katika kile kipindi cha kumeza, waliopewa vitamini walipata saratani mpya nyingi kuliko waliopewa vidonge vitupu. Kuna na dawa ya jamii ya vitamini A iliyojaribiwa Marekani. Kwa dozi kubwa ilipunguza saratani mpya, ila ile ya mwanzo haikuizuia kurudi, na midomo ya watu ilipasuka hata wengine wakashindwa kuendelea. Dozi ndogo ilipojaribiwa kwa watu wengi zaidi, haikusaidia.

Kwa hiyo kula embe. Kula karoti, mchicha, samaki, kunde. Chakula ni chakula. Hela ya chupa iweke kwenye nauli.

Sasa nije kwenye vya kuacha, na hapa naomba radhi kwa bibi zangu.

Mimi nimekulia Pangani. Kwa bibi yangu neno uraibu halikuwa neno baya hata kidogo. Uraibu ulikaa ndani ya kijaluba, kile kikopo kidogo cha vitu vya kutafuna: majani ya tambuu yamefunikwa kitambaa kibichi, popoo ile kokwa ngumu, chokaa, katu, na tumbaku pembeni. Mgeni akiketi mkekani anasogezewa kijaluba kabla ya maji. Kukataa ni kama umemkataa mwenye nyumba. Vijana wa leo ukiwatajia uraibu wanafikiria unga na sindano. Wanaisimu wana maelezo yao ya jinsi neno lilivyohama. Mimi kazini nazikuta maana zote mbili ndani ya shavu moja.

Kuna baba aliniambia kwa fahari, miezi minne baada ya kukatwa sehemu ya shavu: "Tumbaku nimetupa, sista. Nimebakiza popoo na chokaa tu, kuchangamsha mdomo." Alidhani amemaliza kazi. Na wengi wanadhani hivyo, kwamba ubaya wote uko kwenye tumbaku. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha mwaka 2004 kwamba popoo yenyewe, bila chembe ya tumbaku, inasababisha saratani kwa binadamu. Imewekwa kundi moja na sigara. Hata kabla ya saratani, popoo inakaza shavu kwa ndani mpaka linakuwa kama ngozi ya ngoma, mdomo unafunguka kwa shida zaidi na zaidi, mwisho kijiko hakipiti. Hivi vipakiti vitamutamu vya popoo vinavyoning'inia dukani pamoja na pipi ni kitu hichohicho kimevalishwa nguo mpya. Ugoro chini ya mdomo, vilevile.

Yule baba tulikubaliana alete kijaluba. Alichukua wiki tano. Na katika hizo wiki tano alirudia mara mbili, akaja kusema mwenyewe, na mimi nikamwambia heri umesema. Mtu aliyetafuna miaka arobaini hawezi kuacha kwa sababu amesomewa karatasi. Mdomo umezoea kufanya kitu. Yeye alianza kutembea na karafuu moja na chupa ya maji. Mwingine alishika tasbihi, mkono ukapata kazi. Jamaa, nyinyi mna lenu hapa: kama mnatafuna au kuvuta mbele ya mgonjwa, mnamrudisha kule anakojaribu kutoka.

Sigara. Wapo wanaosema, "Saratani nimeshaipata, sigara itanifanya nini tena?" Itakufanya mengi. Mwaka 1993 madaktari wa Kanada walitoa taarifa ya wagonjwa 115 waliokuwa wakipigwa mionzi ya kichwa na shingo. Kwa walioacha kuvuta, uvimbe uliyeyuka kabisa kwa watu 74 katika kila 100. Kwa walioendelea kuvuta katikati ya tiba, 45. Baada ya miaka miwili, wasiovuta 66 katika kila 100 walikuwa hai. Waliovuta, 39. Mashine ni ileile na wataalamu ni walewale. Mionzi inafanya kazi vizuri pale penye oksijeni, na moshi wa sigara unaijaza damu hewa ya kaboni monoksidi inayokalia kiti cha oksijeni. Mtu anapigwa mionzi asubuhi, mchana anaifutilia mbali nyuma ya ukuta wa hospitali.

Na msidhani ni mambo ya wasiosoma. Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa Vienna, aligunduliwa saratani ya kinywa mwaka 1923. Alikatwa sehemu ya taya na kaakaa, akatengenezewa taya la bandia ambalo yeye na watu wake walikuwa wakiliita jitu. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30 katika miaka 16, na biri zake hakuziacha. Alifia London mwaka 1939. Bwana huyo kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa nini watu hufanya wasiyotaka kufanya. Kwa hiyo ukishindwa leo, hujapungukiwa akili. Rudi kesho tujaribu tena.

Pombe sitakaa nayo sana. Iwe bia, iwe mnazi, iwe gongo, koo halitofautishi. Na pombe na sigara vikikutana madhara hayajumlishwi, yanazidishwa.

Kuna jambo hapa linawachanganya wengi. Saratani inaweza kurudi palepale ilipokuwa, au kwenye tezi za shingo. Na inaweza kutokea nyingine, mpya kabisa, sehemu tofauti: ulitibiwa ulimi, inaota kwenye koo au mapafuni. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walipitia wagonjwa 783 wa saratani ya kinywa, wakakuta zaidi ya mmoja katika kila kumi ana uvimbe zaidi ya mmoja usiohusiana na mwenzake, na ngozi ya kinywa inayozunguka uvimbe nayo imeharibika ingawa kwa macho inaonekana nzima. Walichagua kuliita jambo hilo kwa jina la shamba, na nyinyi wakulima mtanielewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Daktari ameng'oa kisiki. Shamba lote lilimwagiwa sumu ileile miaka ishirini, kuanzia mdomoni mpaka mapafuni. Ukiendelea kumwaga, kitaota kingine, na hakitaota lazima palepale.

Wapo pia waliopata saratani ya tonsili au shina la ulimi kwa sababu ya virusi, vilevile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo ambayo mabinti zetu wanachomwa tangu 2018 inawakinga wao ambao hawajaambukizwa. Kwako uliyekwisha kuugua si tiba. Mpeleke binti tu, maneno ya mtaani yaacheni mtaani.

Haya, vya kutazama.

Saratani hizi zikirudi, mara nyingi zinarudi mapema, nyingi kabisa ndani ya miaka miwili ya kwanza. Ndiyo maana kliniki zinasongamana mwanzoni. Miongozo mingi inasema mwaka wa kwanza kila mwezi mmoja hadi mitatu, wa pili kila miezi miwili hadi sita, kuanzia wa tatu hadi wa tano kila miezi minne hadi minane, kisha mara moja kwa mwaka. Najua Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam, si Chumbageni hapa mjini. Najua basi la alfajiri, kulala kwa shemeji, foleni. Lakini ukikosa nauli usikae kimya ukasubiri tarehe ijayo. Piga simu. Nenda hospitali iliyo karibu, mwambie daktari wa kinywa au wa koo akutazame, aandike kwenye kadi yako alichokiona. Dakika tano za mtu mwenye taa na kioo ni bora kuliko miezi sita ya dua peke yake. Dua ombeni pia.

Mjomba wangu alitibiwa shina la ulimi. Mwezi wa kumi baada ya tiba akaanza kuumwa sikio la kulia. Akaenda kituo cha afya cha karibu, akapewa dawa ya kudondoshea. Ikaisha, akapewa nyingine. Miezi minne sikio linadondoshewa dawa na sikio lilikuwa zima. Mshipa wa fahamu unaohudumia koo na shina la ulimi unapeleka tawi mpaka sikioni, basi koo linaumia na sikio ndilo linalolia. Mimi nilikuwa kazini mkoa mwingine, naambiwa kwenye simu "mjomba anasumbuliwa na sikio", na mimi, muuguzi mzima, nikasema mpeni pole. Hilo nimelibeba.

Kwa hiyo nawaambia mlishike hili: maumivu ya sikio moja, bila usaha, kwa mtu aliyetibiwa kinywa au koo, yatazamwe kooni. Pamoja nayo, kidonda kisichopona kwa wiki tatu. Doa jeupe lisilofutika kwa kitambaa, na doa jekundu ndilo la kuogopwa zaidi. Uvimbe shingoni. Sauti kukwaruza. Chakula kuanza kukwama wakati juzi kilipita. Meno ya bandia yaliyokaa vizuri mwaka mzima na sasa hayakai. Wiki tatu, usizidishe. Ikikutwa mapema mara nyingi inakatwa tena au inapigwa mionzi tena, na watu wanaishi. Humu ndani wamo waliotibiwa mara mbili, wamekaa kwenye viti kama nyinyi.

Na hapa niseme neno kwa hao. Yupo mama ninayemjua, hajawahi kuvuta wala kutafuna, hakukosa kliniki hata moja, ikarudi mwezi wa tisa baada ya tiba. Msimuulize alikula nini. Msimuulize nani kamroga. Kupunguza hatari ni kupunguza, na hatari iliyopunguzwa bado ipo.

Meno. Wengi mnashangaa meno yanahusiana nini na saratani kurudi. Yanahusiana hivi: kinywa kilichojaa vidonda na mabaki ya meno kinaficha. Daktari hawezi kuona kipya katikati ya vya zamani. Mionzi inakausha mate, na mate ndiyo mlinzi wa meno, kwa hiyo meno yanaoza haraka, tena shingoni mwa jino, karibu na ufizi. Dawa ya meno iwe na floraidi, mara mbili kwa siku, maisha yote. Wenye jamaa Arusha wameona meno ya kahawia wakaiogopa floraidi. Ile ni ya maji ya kunywa utotoni, yenye floraidi iliyozidi. Ya kwenye mswaki wako haikupaki rangi. Soda ya kupunguza ukavu wa mdomo, hapana. Maji, kidogo kidogo, siku nzima.

Na jino lisiguswe kabla hujasema kwa sauti: "Mimi nimepigwa mionzi hapa." Kijana mmoja mvuvi aling'olewa gego kwenye zahanati fulani, hawakumuuliza na yeye hakusema. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi damu yake ni haba. Shimo halikufunga. Miezi tisa baadaye ncha ya mfupa imetoboa ngozi chini ya kidevu, inatoa harufu, kijiji kizima kinasema imerudi, mkewe amekwishaanza kulia. Haikuwa imerudi. Ulikuwa mfupa uliokufa. Tulimtibu kwa taabu kubwa jambo ambalo sentensi moja ingelizuia.

Jingine linalofanana na kurudi na si kurudi: uchovu, baridi wakati wenzako wanatokwa jasho, uzito kupanda bila kula, choo kuwa kigumu. Shingo ikipigwa mionzi, tezi ya thairoidi huweza kulegea, na hutokea kwa wengi, hata baada ya miaka. Ombeni kipimo cha damu kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Dawa yake ni kidonge kimoja kwa siku.

Nimesema vya kutosha, sasa mikono ifanye kazi. Kila mgonjwa ageukiane na jamaa yake, asiye na jamaa ashikane na wa kiti cha pili. Kina mama wenye mitandio, pazia liko kushoto. Washeni tochi za simu.

Anza na vidole vitatu, viweke vimesimama katikati ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia, sawa. Vikiingia viwili, tutazungumza, kuna mazoezi. Anayetazama, vuta shavu kwa kijiko, tazama ndani, kulia, kushoto. Ulimi nje, ushike kwa kitambaa kikavu, uvute taratibu upande mmoja uone ubavu wake mpaka nyuma, kisha upande wa pili. Ubavuni ndiko inakojificha. Ulimi juu, tazama chini yake. Taya la bandia livuliwe kwanza, usimulike juu ya plastiki. Sasa shingo: vidole vilale bapa, usichome kwa ncha, anza nyuma ya sikio, shuka polepole mpaka kwenye mtulinga. Palipokatwa na palipopigwa mionzi pagumu, ndivyo palivyo. Ujue ugumu wa leo ili mwezi ujao uweze kuutofautisha. Mara moja kwa mwezi, siku ileile. Wengine wanachagua mwezi unapoandama.

Mzee wangu wa dirishani, wewe baki hapo, nakuja mwenyewe.